Kafyu, hewa na foleni: kilichosambaza korona Kenya, na amri zilizowasogeza watu karibu zaidi

Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu nchini Kenya, kivuko cha Likoni kilijaa watu jua likiwa bado juu. Amri ilitaka kila mtu awe ndani kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kivuko hicho huvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku kati ya kisiwa cha Mombasa na ng'ambo ya kusini, na wengi wa abiria wa jioni ile walikuwa wametoka kazini saa ileile wanayotoka kila siku. Polisi waliwatandika virungu na kurusha vitoa machozi. Watu waliokuwa wamejipanga wakabanana, wakawa wanakohoa na kupangusa macho kwa viganja, karibu wote bila barakoa. Hata anayetaka kusambaza maradhi ya mapafu kwa makusudi asingepanga mambo vizuri kuliko hivyo.

Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kama kisa cha ukatili wa polisi, na ni kweli lilikuwa ukatili. Mimi nalitazama pia kwa jicho la uambukizaji, kwa sababu kosa lililofanyika Likoni lilirudiwa kwa upole zaidi katika steji za matatu, soko na ploti za nyumba za kupanga za nchi nzima kwa miezi mingi. Amri ilihesabu saa. Haikuhesabu hewa, wala haikuuliza watu watapitia wapi kabla ya saa hizo kufika.

Kirusi kinataka nini

Kirusi cha korona husafiri ndani ya chembe za mate na makamasi tunazotoa tukipumua, tukizungumza, tukicheka au tukiimba. Chembe kubwa huanguka ndani ya mita moja au mbili. Zile ndogo, ambazo ndizo nyingi, huelea kwa dakika nyingi, na katika chumba kisichopitisha hewa huelea hata kwa saa kadhaa. Mwaka 2020 ushauri rasmi ulijengwa juu ya chembe kubwa: nawa mikono, simama mbali, pangusa meza. Tarehe 28 Machi mwaka huo, siku moja baada ya Likoni, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mtandaoni kwamba korona haisambai kwa hewa. Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja shirika hilo kuandika wazi kwamba inasambaa hivyo.

Dalili zilikuwepo mapema. Tarehe 10 Machi 2020, katika kaunti ya Skagit, jimbo la Washington huko Marekani, wanakwaya 61 walikutana kwa mazoezi ya saa mbili na nusu. Sanitaiza ilikuwepo na watu walijizuia kukumbatiana. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Baada ya hapo 53 kati yao walithibitishwa au kudhaniwa kuugua korona, na wawili wakafariki. Hakuna kiasi cha kunawa mikono kinachoweza kueleza idadi hiyo. Kinachoieleza ni ukumbi uliofungwa, muda mrefu na pumzi nzito ya kuimba.

Kirusi hiki kina tabia mbili zilizopaswa kuongoza kila amri. Ya kwanza ni kwamba hakisambai sawasawa. Uchunguzi wa wagonjwa wa mwanzo huko Hong Kong ulionyesha kuwa kama asilimia 19 ya wagonjwa ndio walioleta asilimia 80 ya maambukizi ya ndani, na asilimia 69 hawakumwambukiza mtu yeyote. Kwa hiyo hatari imelundikana katika mikusanyiko michache: chumba kimoja, saa chache, mtu mmoja aliye kileleni mwa maambukizi. Amri inayomnyang'anya kila mtu kidogo, mahali popote na saa yoyote, hupoteza nguvu nyingi pasipo na hatari na huacha wazi palipo nayo.

Ya pili ni kwamba mtu huambukiza sana siku moja au mbili kabla ya dalili na siku chache za mwanzo wa dalili. Ndiyo maana kile kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso mlangoni mwa supamaketi kilisaidia kidogo mno. Anayeambukiza zaidi huenda hana homa kabisa, na aliyetembea juani husomeka nyuzi zisizoeleweka. Nadhani kilidumu kwa sababu kilionekana kama kazi inafanyika.

Chumba cha futi kumi kwa kumi

"Kaa nyumbani" ni ushauri uliotungwa na watu wenye sebule. Katika Kibera, Mathare au Mukuru, mitaa duni ya Nairobi, nyumba ya kawaida ya kupanga ni chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, mabati juu na mara nyingi mabati ubavuni, mlango mmoja, na dirisha dogo likiwepo. Ukiweka dari ya futi 8, unapata futi za ujazo 800, yaani karibu mita za ujazo 23.

Sasa piga hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 kuhusu hewa ya majengo unataka angalau lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu. Familia ya watu 5 inahitaji lita 50 kwa sekunde, ambazo ni mita za ujazo 180 kwa saa. Gawanya kwa 23: hewa yote ya chumba inatakiwa ibadilishwe karibu mara 8 kila saa. Mlango ukifungwa na dirisha likazibwa kwa sababu ya mbu, mvua na wezi, hewa inaweza kubadilika mara moja kwa saa au chini ya hapo. Kafyu ya saa kumi iliwaweka watu katika hali hiyo kuanzia saa moja usiku hadi alfajiri.

Hata hivyo nyumba si hukumu. Uchambuzi wa tafiti za mwaka 2020 kutoka nchi mbalimbali ulionyesha kuwa mgonjwa mmoja aliambukiza takriban asilimia 17 ya watu wa nyumbani mwake, na kwa mume au mke asilimia ikapanda hadi karibu 38. Wengi hawakuambukizwa hata chini ya paa moja, na hapo ndipo kazi ya hewa inapolipa.

Anayetaka kujua chumba chake kinapumua vipi ana kipimo cha bei ya chini: udi au ubani. Funga mlango na dirisha, fukiza mpaka moshi uenee chumba kizima, toa chetezo nje, kisha fungua jinsi unavyofungua siku zote na uanze kuhesabu dakika. Hewa ikibadilika mara 3, karibu asilimia 95 ya kilichokuwemo kimetoka. Moshi ukiisha kwa dakika 20, chumba kinabadilisha hewa kama mara 9 kwa saa, na hiyo ni nzuri. Ukikaa saa nzima, ni mara 3. Ni makadirio tu, kwa sababu jicho hushindwa kuona moshi mwepesi, lakini yanatosha kulinganisha njia moja na nyingine.

Ukijaribu utaona mambo kadhaa. Dirisha moja lililo wazi kabisa hufanya kazi ndogo kuliko upenyo mwembamba katika pande mbili zinazotazamana. Penye upande mmoja tu, upenyo mrefu wa kwenda juu hushinda upenyo mpana wa chini, kwa kuwa hewa ya moto hutokea juu na ya baridi huingilia chini, na kwa sababu hiyo mlango ulioegeshwa husaidia kuliko wengi wanavyofikiri. Feni inayozunguka katikati ya chumba huchanganya tu hewa ileile. Igeuze itazame nje dirishani, isukume hewa itoke. Tatizo la usiku ni usalama, na jibu la mafundi wengi ni fremu ya wavu wa chuma na chandarua mlangoni, au tundu la tofali za matundu juu ya mlango, chini ya paa. Mwenye nyumba hutumia pesa kidogo kuliko gharama ya kupaka ploti rangi.

Mgonjwa akiwa ndani ya chumba hichohicho, mpe nafasi ya karibu na mahali hewa inapotokea kwenda nje, wengine walale upande inapoingilia ndani, vichwa mbali na chake. Mgonjwa na anayemhudumia wote wavae barakoa wakikaribiana. Kula kufanyike nje au kwa zamu, maana mezani barakoa hushuka na mazungumzo hupanda. Choo cha pamoja cha ploti ni pango dogo la hewa iliyotuama: mgonjwa aende na barakoa na aache mlango wazi akitoka, na anayefuata asubiri kama dakika 10. Siku 10 tangu dalili zianze ndizo nzito. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kikisoma chini ya 94 mara kwa mara mtu akiwa ametulia, tafuta huduma. Chini ya 90 usisubiri asubuhi.

Matatu na hesabu ya steji

Machi 2020 serikali iliagiza matatu ya abiria 14 ibebe 8, basi dogo la abiria 25 libebe 15, na magari ya 30 na zaidi yabebe asilimia 60. Kupunguza vichwa kuna faida ya kweli. Uwezekano wa kukuta mgonjwa ndani ya gari unashuka, na akiwemo, wanaovuta hewa yake ni wachache.

Ila tazama hewa yenyewe. Ndani ya matatu ya 14 kuna kama mita za ujazo 10. Abiria 8, dereva na kondakta ni watu 10, wanaohitaji lita 100 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 360 kwa saa. Hewa ya gari ibadilike mara 36 kwa saa. Gari likienda na madirisha mawili wazi kidogo, kiwango hicho kinafikiwa bila shida. Madirisha yakifungwa kwa sababu ya baridi ya Julai au mvua, watu 10 hao wanavuta hewa chafu kuliko watu 16 walio kwenye gari lenye upepo. Kama ningelazimishwa kuchagua kanuni moja ya matatu, ningechagua madirisha.

Namna ya kufungua nayo ina maana. Hewa ndani ya gari linalokwenda huelekea kusogea kutoka nyuma kuja mbele. Dirisha moja la nyuma upande wa kushoto na moja la mbele upande wa kulia, yakiwa wazi upana wa viganja viwili, husafisha gari lote ndani, wakati dirisha moja la kondakta huwapepea waliokaa karibu naye tu. Kwenye foleni gari likisimama, upepo hukatika, na hapo ndipo yafunguliwe zaidi. Abiria wengi walifanya kinyume: walifunga gari lilipopunguza mwendo kwa kuogopa wanyakuzi wa simu. Woga huo una sababu zake Nairobi, na mwenye kuandika kanuni anatakiwa kuujua.

Sasa unganisha kanuni ya viti na kafyu. Chukua steji ya kufikirika inayosafirisha watu 12,000 kila jioni. Kabla ya janga walitawanyika saa 5, watu 2,400 kwa saa, matatu 171 zilizojaa kila saa. Kafyu ikaibana safari hiyo iwe ya saa 3: watu 4,000 kwa saa. Kila matatu inabeba 8, kwa hiyo zinahitajika matatu 500 kila saa, karibu mara 3 ya zile za awali. Magari hayakuongezeka, na barabara ni ileile. Kilichoongezeka ni foleni ya watu, na baada yake nauli. Mwenye pesa alipanda mapema na kukaa kwa nafasi. Asiye nazo alisubiri katikati ya kundi, kisha kadiri saa moja ilivyokaribia akapanda gari lililovunja kanuni na kujaza viti vyote, huku askari wakipokea chao njiani.

Ni hisabati nyepesi na ingeweza kufanywa kabla ya tangazo. Waajiri wangepangiwa zamu: baadhi watoke saa nane, baadhi saa tisa, baadhi saa kumi. Kafyu ilisogezwa hadi saa tatu usiku Juni 2020, na msongamano wa jioni ukapata nafasi ya kupumua. Likoni yenyewe ilipata jibu la chuma na zege: daraja la kuelea la waenda kwa miguu la Liwatoni, lililojengwa haraka mwaka 2020 kupunguza watu kivukoni. Huo ndio mfano wa hatua iliyogusa chanzo.

Kafyu ilikuwa na gharama nyingine nitakazozipita haraka, ingawa si ndogo. Mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, ilisema kufikia mwanzoni mwa Juni 2020 vifo 15 vilihusishwa na polisi tangu kafyu ianze. Mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, Nairobi. Wajawazito walioshikwa na uchungu usiku walikosa gari, hata daktari Jemimah Kariuki akaanzisha huduma ya simu na usafiri iliyoitwa Wheels for Life.

Nani anaweza kutii

Mara nyingi tulisikia kwamba Wakenya ni wakaidi. Takwimu zinasema vingine. Watafiti waliwahoji wakazi wa mitaa duni ya Nairobi mwanzoni mwa Mei 2020 wakakadiria kuwa kugusana kimwili na watu wengine kulikuwa kumeshuka kwa asilimia 62 ikilinganishwa na kabla ya janga. Hao ndio watu walioambiwa hawasikii. Katika uchunguzi huohuo asilimia 86 walikuwa wamepoteza mapato yote au sehemu, na karibu robo tatu walikuwa wakila kidogo au kuruka mlo kwa kukosa pesa. Utiifu ulikuwepo, ila ulikuwa unalipiwa kwa tumbo, na malipo ya namna hiyo hayadumu. Kufikia katikati ya mwaka watu walikuwa wamerudi barabarani.

Kirusi nacho kilifuata mstari huohuo wa uwezo. Wanasayansi wa kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI-Wellcome Trust huko Kilifi walipima kingamwili katika damu ya wachangiaji kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakakadiria kuwa asilimia 4.3 tayari walikuwa wameshaambukizwa: Mombasa asilimia 8, Nairobi 7.3. Wakati huo wagonjwa waliotangazwa nchi nzima hadi mwisho wa Mei walikuwa takriban 2,000. Kufikia Novemba 2020 uchunguzi wa kaya Nairobi ulikuta karibu asilimia 35. Kirusi kilikuwa kimepita mlangoni mwa watu wengi bila kubisha.

Kuna uchambuzi mmoja wa mawimbi ya Kenya ambao nadhani ungefundishwa kwa kila anayeandika amri. Wimbi la kwanza la katikati ya 2020 linaelezeka vizuri likihesabiwa kuwa lilipita hasa kwa wakazi wa mijini wenye kipato kidogo, ambao hawakuweza kupunguza mwendo kwa muda mrefu. Wimbi la pili la Oktoba na Novemba likawafikia wenye uwezo, waliojifungia hapo mwanzo na kurejea ofisini na mikahawani masharti yalipolegezwa. Kwa hiyo kaunti moja ilikuwa na magonjwa mawili kwa saa tofauti, kila moja na ratiba yake ya mshahara.

Je, pesa mkononi hubadilisha tabia? Katika kaunti za Siaya na Bomet, shirika la GiveDirectly lilikuwa tayari linawapa wanavijiji pesa za kila mwezi kabla ya janga. Walipolinganishwa na wasiopokea, waliopokea njaa iliwapungua kidogo na walipunguza kutembeleana, lakini hawakupunguza shughuli za biashara. Nalipenda tokeo hili kwa ukweli wake. Mtu mwenye akiba anaweza kuahirisha kwenda kumsalimia shemeji. Kibanda cha mboga hakiahirishwi.

Karantini iliyogeuzwa jela

Kama kuna kosa moja lililoharibu zaidi mapambano ya mwaka ule, kwangu ni hili. Waliowasili kutoka nje, na baadaye waliokutana na wagonjwa, waliwekwa karantini kwa gharama zao wenyewe. Katika vituo vya bei nafuu, kama vyuo vya mafunzo ya utabibu, bei ilikuwa shilingi 2,000 kwa siku. Siku 14 ni shilingi 28,000, na siku ziliongezwa kila mara mwenzako wa bweni alipopatikana na kirusi. Bweni lenyewe lilikuwa na choo cha pamoja, kwa hiyo uliyeingia mzima ungeweza kuambukizwa humo humo na kulipia. Kisha Aprili ikatangazwa kwamba wanaovunja kafyu nao watapelekwa karantini. Video zikasambaa za watu wakiruka ukuta.

Fikiria sasa mama wa mtaa wa Kawangware, Nairobi, anayeambiwa aje apimwe bure. Akipatikana na kirusi anapoteza kazi, anadaiwa pesa asizonazo, na majirani wanaona gari la wagonjwa likimchukua. Upimaji wa halaiki wa mwanzoni mwa Mei huko Kawangware na Eastleigh ulipata watu wachache kuliko waliotarajiwa, na maofisa wakalalamika hadharani. Hakukuwa na fumbo. Serikali ilibeba gharama kuanzia Mei na mwezi Juni ikatoa mwongozo wa kuwatunza wagonjwa nyumbani, lakini sifa ya karantini ilikuwa imeshaingia mitaani.

Tarehe 6 Mei Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa zilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, kwa siku 15 zilizoongezwa hadi Juni. Ilikuwa Ramadhani, na Idi ikaangukia ndani ya kufungwa huko. Kufunga mtaa kuna mantiki iwapo ndani yake unapeleka chakula na upimaji usiotisha, na kuna mtu wanaomwamini wa kuwaeleza. Bila hayo, unawafungia watu na kirusi chao, na walio nje wanapata wa kuwalaumu.

Barakoa ilipitia njia hiyo ya adhabu. Kanuni za Aprili ziliweka faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi 6. Matokeo yake watu wakaivaa kwa ajili ya askari: kidevuni barabarani kwenye upepo, usoni askari akionekana, mfukoni ndani ya ofisi na baa ambako ndiko ilihitajika. Ingetosha kufundishwa kinyume chake, na namna ya kuifunga: bana waya wa puani mpaka miwani isifuke mvuke, funga fundo kwenye kamba karibu na kitambaa, kunja ncha ndani ili mashavuni pasibaki tundu. Ya kitambaa iwe ya matabaka matatu.

Matanga

Nimeacha mwisho jambo ambalo amri za Nairobi zililishughulikia vibaya kuliko yote. Aprili 2020 huko Siaya, mfanyakazi wa bandari alizikwa usiku wa manane na watu waliovaa mavazi ya kinga toka utosini hadi miguuni, bila jeneza, familia ikitazama kwa mbali. Mwezi uliotangulia, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa umeeleza kwamba maiti kwa kawaida haiambukizi, isipokuwa kwa magonjwa kama Ebola na kipindupindu. Aliyefariki hapumui wala haimbi. Hatari ya matanga ya korona ilikuwa kwa walio hai, na hasa mambo matatu: gari la kutoka mjini, mkesha, na sahani.

Kila moja lina dawa yake. Basi linalosafirisha waombolezaji kutoka Nairobi hadi Siaya ni chumba kilichofungwa kwa saa nane au zaidi, na watu wake huimba njia nzima. Punguza abiria, fungua madirisha mbele na nyuma, nyimbo zisubiri mpaka mfike. Mkesha wa ndani, ambapo wanawake hukaa na jeneza sebuleni usiku kucha, uhamie uani. Turubai iwe paa tu. Zile pazia za pembeni zinazoshushwa kukata baridi huigeuza hema kuwa chumba, kwa hiyo zikunjwe pande tatu na uachwe umeshushwa mmoja unaotazama upepo. Maikrofoni isipitishwe mkono kwa mkono huku kila mtu akiikaribia mdomoni: iwe moja kwenye stendi, wazungumzaji wachache. Chakula kigawiwe kikiwa tayari kwenye sahani, watu wale wakiwa wametawanyika chini ya miti badala ya kupanga foleni ndani ya jikoni.

Idadi ya waombolezaji iliwekwa 15 mwaka 2020, ikapandishwa hadi 100 mwezi Julai. Katika eneo ambako mtu huzikwa na ukoo mzima, 15 haikuwezekana, na sheria isiyowezekana haimfundishi mtu chochote isipokuwa kuikwepa: watu walizika na 15 mbele ya chifu, kisha mamia wakaja baada ya chifu kuondoka, usiku, ndani. Juni 2021, kirusi cha Delta chenye kasi ya karibu mara mbili ya kile cha mwanzo kilipoenea kutoka Kisumu, kaunti 13 za ukanda wa ziwa ziliwekewa kafyu ya saa moja usiku, maziko ndani ya saa 72, na waombolezaji wasiozidi 50. Ile ya saa 72 ilikuwa na akili kuliko zote, kwa sababu ilifupisha siku za watu kulala pamoja. Kafyu ya saa moja, kwa upande mwingine, iliwafanya waliotoka mbali washindwe kurudi jioni ileile, wakalala kumi kwa chumba katika nyumba ya marehemu.